Dozi Aliyoimaliza Mwaura

Wariara alikuwa akipika chapati na ndengu kando ya barabara pale Mai Mahiu. Mumewe, Mwaura, aliziba pancha za malori hatua chache kutoka kwa jiko lake. Hawakujaliwa mtoto. Siku nzima walibishana kwa sauti kushinda mngurumo wa malori, hadi madereva wakawa wanachagua upande.

Asubuhi moja Mwaura alishindwa kuinua jeki. Mwili ulikuwa unachemka na kichwa kilimgonga vibaya, hata mwanga hakuutaka. Wariara alizima jiko akampeleka kliniki ndogo karibu na soko. Daktari alimdunga kidole, akatia damu kwenye kipimo, wakangoja.

"Hakionyeshi malaria," daktari alisema. Kisha akachukua pakiti ya dawa za malaria kwenye rafu. "Lakini tutatibu malaria hivyo hivyo. Kipimo saa zingine hukosea."

"Na shingo? Anasema inamuuma."

"Ni hiyo homa, mathe. Amalize dozi yote, asikatize. Na akule kitu ya mafuta kabla ya kumeza."

Wariara alifuata maneno hayo kama amri. Kila dozi alimchemshia maziwa yenye malai, akakaa kando yake hadi vidonge vipite kooni. Jioni ya siku ya tatu, vikiwa vimebaki vidonge vya mwisho, Mwaura alimshika mkono.

"Hii dawa hainisaidii. Nirudishe hospitali."

"Maliza dozi kwanza, Mwaura. Ukikatiza, ugonjwa utarudi na nguvu."

Mwaura, mtu wa kubishia kila kitu, hakubisha. Alimeza, akageukia ukuta.

Kulipokucha alikuwa akisema maneno yasiyoeleweka, na shingo imekakamaa kabisa. Dereva mmoja aliyewafahamu aliwabeba kwa lori hadi hospitali kubwa, Nakuru. Huko walimtoa maji mgongoni, wakasema ni homa ya uti wa mgongo.

"Alihitaji dawa nyingine tangu mwanzo," daktari wa kike alimwambia Wariara polepole, huku wakimtundikia Mwaura dawa kwa mshipa. Kabla jua halijatua, Mwaura alikuwa amefariki.

Walimzika kijijini kwao, Bahati. Baada ya matanga, Wariara alirudi kliniki. Daktari alimtambua, akasimama.

"Watu wakija na homa wanataka dawa ya malaria," alisema. "Nisipowapa, wanasema sijawatibu, wanaenda kujinunulia dukani. Imekuwa mazoea. Pole sana, mathe."

Macho ya daktari yalikuwa mekundu. Wariara alikuwa amejipanga kumtukana, lakini matusi yote yalimpotea.

"Nilikuambia shingo," alisema tu, akatoka.

Miezi ilipita. Dada yake Shiru, anayeishi mtaa wa Section 58, Nakuru, alimpigia simu: bintiye Natalie alikuwa na homa. Wariara aliwakuta zahanati, mtoto ameshapimwa, hakuna malaria, na nesi anafungua pakiti zile zile za dawa za malaria.

"Kama si malaria, ni nini?" Wariara aliuliza.

Nesi alisita. Akaweka pakiti chini, akamwita daktari. Daktari alimsikiliza mtoto kifua, akakuta nimonia, akamwandikia dawa yake. Yote hayo hayakuchukua muda.

Shiru alimkumbatia dada yake akishukuru. Wariara alijitoa mikononi mwake, akaenda nyuma ya zahanati, akaketi chini kwenye nyasi. Alilia zaidi ya alivyolia makaburini. Swali lenyewe lilikuwa dogo hivyo, na siku ile ya Mwaura hakuliuliza.