Mahindi Niliyoyaosha Mara Tatu

Nikikutana na mtu wa Matsangoni aliyekuwa kwenye matanga ya mavyaa, yaani mamake mume wangu, mpaka leo nainamisha uso, na si kwa adabu, ni kwa aibu. Nawahadithia nyinyi kwa kuwa hamkuwapo, na kwa kuwa nimechoka kulibeba peke yangu.

Jambo lenyewe lilianza dogo. Msimu ule mvua ilichelewa kwisha, mahindi tulikuwa tumeshayapukuchua tukayaanika uani juu ya turubai, na kazi ya kuyaanika na kuyaanua ilikuwa yangu. Yalitaka jua la siku mbili zaidi. Lakini binti ya dadangu alikuwa anaolewa Mtwapa (na leso nilikuwa nimeshanunua, msinicheke), basi nikayashindilia kwenye magunia ya nailoni, nikayafunga, nikayasukuma chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Mavyaa alitia punje mdomoni akaitafuna.

“Kadzo mwanangu, haya bado yana maji.”

“Yamekauka, mama,” nikamjibu, na mguu mmoja uko njiani.

Arusi ilifana, mahindi nikayasahau. Mwezi haujaisha mavyaa akaugua, siku nne tu, akatutoka. Mume wangu, Charo, alinijia jikoni macho mekundu, akaniambia, “Watu watakuwa wengi. Sima itoke kwenye mahindi yetu. Mama aliyalima mwenyewe.”

Nikaenda chumba cha nyuma. Gunia la kwanza nilipolifungua lilinipiga joto usoni, na harufu ya kitu kilichofungiwa muda mrefu, punje zimeshikana mabonge, vumbi la kijani limezifunika. La pili vile vile. La tatu sikulifungua, nililipapasa tu nikasikia moto wake. Hapo ndipo ilinipasa kumwita Charo. Lakini ningemwambiaje, mamake yuko mochari, kwamba mahindi yake nimeyaozesha kwa kukimbilia arusi?

Nikanyamaza. Nikayachota ndoo kwa ndoo nikayapeleka nyuma ya choo wasikoniona watu, nikayaosha mara tatu, maji ya kwanza yakatoka kijani, ya pili kijivu, ya tatu meupe, nami (mwanamke mwenye akili zangu) nikajiambia yametakata. Nikayaanika kutwa mbili, jua lile lile nililoyanyima mwanzo. Mwenye mashine ya kusaga aliponusa akaniuliza kulikoni, nikasema ni harufu ya magunia.

Tulimzika mavyaa saa sita mchana, nyuma ya nyumba yake. Saa nane tukapakua. Watu wamejaa mahemani, sima inafuka, samaki wa nazi wapo, na mimi napita na sinia nikipokea pole. Mzee Karisa, kakake marehemu, akamega tonge la kwanza, akatafuna, akaacha kutafuna. Akalitema mkononi.

“Mbona chungu hii?”

Aliyekaa naye akaonja, akatema. Ukaanza mnong'ono, ukahama hema hadi hema, na sahani zikaanza kusukumwa. Akaja Katana, binamu yake Charo, ambaye ni bwana shamba huko Kilifi. Hakuonja. Aliingia jikoni, akachota unga akaunusa, kisha akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniua, “Shemeji, yaliyobaki yako wapi?”

Nikampeleka. Na nusu ya matanga ikatufuata.

“Lakini niliyaosha,” nikasema. “Mara tatu!”

“Kuvu haioshwi, shemeji. Huo si uchafu, ni kiumbe hai. Hili vumbi la kijani ni kama mbegu zake tu, zinapeperuka, kila mahali zipo. Mwili wake wenyewe ni nyuzi nyembamba, zimeingia ndani ya punje, zinaila kutoka ndani. Na sumu iliyoachwa humo, hata ukipika kutwa, moto hauimalizi.” Akawageukia watu. “Jamani, asile mtu. Na msiwape kuku.”

Mzee Karisa akaguna. “Sasa Mungu kitu kama hicho alikiumbia nini?”

“Kisingekuwapo, baba, tusingekuwa na pa kulima. Majani, magogo, kila kilichokufa kingelala pale pale kilipoanguka. Kuvu na uyoga ndio wanaovilainisha vikarudi kuwa udongo, mihogo yetu ikapata cha kula. Kosa si lake. Alikuta chakula chenye maji, gizani, akala.”

Kupitia mlango wa nyuma tuliona lile fungu la mchanga mbichi la kaburi, na nadhani sote tulifikiria jambo moja. Kisha wakanitazama mimi.

“Kadzo,” Charo akaniuliza, sauti ya chini, “ulijua?”

Nilitaka kusema sikujua. Ulimi ulikuwa tayari.

“Nilijua.”

Hakunigombeza. Alichukua jembe lile lile la asubuhi, bado lina udongo wa kaburi, akaenda kuchimba shimo la kuzika mahindi ya mamake, na wanaume wawili wakamsaidia. Wageni waliondoka na njaa. Wiki ile mabata wawili wa jirani walikufa (masalio yalikuwa yametupwa ovyo), na kwa miezi kila niliposikia mtu wa matanga yale anaumwa tumbo, niliamka nikaenda kumwangalia macho kama yamekuwa manjano, maana Katana alisema sumu ile hula ini. Hakuna aliyepatwa na kitu, alhamdulillahi husema jirani yangu, nami husema amina.

Siku hizi nikienda matangani wanawake hunipa vitunguu nimenye. Unga hawanipi. Sijalalamika. Lakini nimeapa: chakula kikiniharibikia tena, iwe arusini au mazishini, nitatoka na mwiko wangu mkononi, niwaambie watu kimeharibika, na aliyekiharibu ni mimi.