Faili la Daktari wa Macho

Madaktari walimwita Bi Rudi-Kesho, na jina lilimkaa sawasawa. Kazi yake katika kampuni ya bima ya afya ilikuwa kukagua vyeti vya daktari kabla hajaruhusiwa kutibu wenye kadi. Nyaraka kumi na moja, zote ziwe zimetolewa ndani ya miezi mitatu. Sasa hebu fikiria: barua ya baraza la madaktari huchukua miezi miwili kutoka, ya chuo, isiyoombwa bila hiyo, minne mingine. Ya pili ikifika, ya kwanza imeshapitwa. Daktari wa watu anaanza upya, na Bi Rudi-Kesho anagonga muhuri wa "Irudishwe" kwa roho nyeupe kabisa. Mkuu wake alimsihi mwaka mzima: tuliulize baraza wenyewe, tuache kuwahangaisha watu. Yeye akasema huo ni uvivu.

Nyumbani, mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili.

"Naambiwa daktari wangu bado hayupo kwenye orodha yenu," mama alilalamika. "Kuna mtu huko amekalia faili lake. Huyo mtu ana mama kweli?"

"Nitafuatilia, mama."

Hakufuatilia. Ya nyumbani hayaingii ofisini, ndivyo alivyojisifu. Mpaka asubuhi moja alipomkuta mama akilisalimia koti lililotundikwa mlangoni, akilikaribisha chai, na kununa kwamba halijibu. Alicheka, kisha akaliondoa koti mlangoni. Ndipo akauliza jina la daktari.

Faili lilikuwa kwenye droo yake mwenyewe, nene kama mto. Limerudishwa mara nne, ya mwisho kwa barua iliyopitwa siku mbili. Aliona aibu, akaona hata pa kujificha hakuna. Akapiga simu baraza, na ndani ya dakika sita leseni ikathibitishwa.

"Nataka kulipitisha hili la daktari wa mama yangu," akamwambia mkuu.

"La mama yako peke yake? Hapana, dada. Yako mengine arobaini na mawili. Ukiyauliza yote kwa simu, nasaini yote."

Akameza kiburi, akapiga simu siku tatu mpaka sikio likawaka. Madaktari wote walikuwa halali isipokuwa mmoja, na huyo, jamani, ndiye pekee aliyekuwa na nyaraka zote kumi na moja, safi, hazina doa, zikingoja sahihi tu.

Mama alipasuliwa wiki iliyofuata. Bandeji ilipotolewa, alimtazama binti yake, akanyoosha mkono akamgusa nywele.

"Mvi hizi zimeota lini?"

"Mama, faili lilikuwa kwangu. Mwaka mzima na nusu. Aliyelikalia ni mimi." Akaanza kulia.

"Nyamaza kwanza," mama akasema. "Sogea hapa dirishani nikuone."