Barua ya Udereva Niliyosahau Kuitia Nukta

Hii aibu nimeikalia miezi mitatu, na hata leo nikiiwaza siwezi kutulia, lazima niinuke nizunguke chumba (na vyumba vyetu vya mtaa wa Pipeline, hapa Nairobi, mnavijua, hatua nne umegonga ukuta), kwa hivyo wacha niitoe tu, mcheke, yaishe.

Shule moja ya Kware ilikuwa inatafuta dereva wa basi, na mzee Kilonzo wa kanisani kwetu, aliye kwenye kamati ya shule, akanipigia debe. Jioni za Jumanne nilikuwa nasoma Kiingereza kwa Mwalimu Wanjiru, naye alinionya wazi, "Baba Mutheu, usipeleke barua ya kuomba kazi kabla sijaiona." Basi mimi na haraka zangu, Jumanne nikaiona mbali, Ijumaa nikaichapisha saiba, kwenye kompyuta za kukodi, na kuipeleka mwenyewe.

Jumatatu nikaitwa. Mbele yangu mwalimu mkuu, mwenyekiti wa wazazi, na mzee Kilonzo akitabasamu kama baba wa bwana harusi. Mwalimu mkuu akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Since I got saved I stopped to drink every day I pray for the children."

Akainua macho, akanitazama juu ya miwani.

Nilitaka kusema tangu niokoke niliacha pombe, nukta, na kila siku nawaombea watoto. Nukta sikuweka, na kumbe "stopped drinking" ndiyo kuacha, "stopped to drink" ni kusimama njiani ili unywe, kwa hivyo nilikuwa nimeandika, na sahihi nikatia, kwamba tangu niokoke nasimamisha gari kila siku nipige moja.

"Every day?" mwenyekiti akauliza.

Si ningenyamaza! Nikaruka kitini: "No sir! But I remember to drink!" Nilimaanisha nakumbuka nilivyokuwa nikinywa zamani na majuto yake, kumbe nimemwambia kunywa huwa sisahau. Mzee Kilonzo akaanza kukagua viatu vyake.

"Baba," mwalimu mkuu akasema, mdomo ameuficha kwa barua yangu, "hebu tuambie kwa Kiswahili."

Nikamwaga yote kwa pumzi moja, miaka sita sijaonja, mke wangu yupo, muulizeni, mpaka mwenyekiti akatoa leso kufuta machozi ya kicheko. Kazi nikapewa. Lakini barua ni barua, mwenyekiti akasema, na hii imeshaingia kwenye faili, kwa hivyo kila asubuhi kabla sijashika usukani nasimama getini nampulizia mlinzi usoni, haa, anuse, na watoto wa nasari kwenye foleni wananihesabia moja, mbili, tatu.

Nimeapa, jamani. Sentensi zangu za Kiingereza siku hizi ni maneno matatu, halafu nukta, na hiyo nukta naikandamiza mpaka kalamu inatoboa karatasi.