Muthokoi wa Mgeni
Nimeinua mfuniko wa sufuria, na mvuke wa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa kinuni, na mbaazi umenirudisha Makueni, siku mwalimu wangu mgeni kutoka Nairobi alipokuja kula kwetu. Tangu asubuhi mama alikuwa kwenye kinu, akitwanga mahindi yaliyoloweshwa, maganda yamemganda mpaka kwenye viwiko. Niliona aibu.

“Mwaitu,” nilimwambia mama, “si upike mchele? Mwalimu ni mtu wa Nairobi.”

Hakuacha kutwanga. “Mchele anakula kwao kila siku. Akiukuta hapa pia, atajuaje amefika kwetu?”

Jioni mwalimu alimaliza sahani yake, kisha akaisogeza aongezewe. Mama hata hakuniangalia.

Leo wageni wangu wako sebuleni. Mchele ninao, gunia zima. Ukae huko huko stoo.