Kidole cha Mguu Hushikwa Pembeni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Voi, Daktari Mkuu aliniamuru nivue viatu. Nilikuwa afisa mpya wa kliniki.

"Unganisha miguu. Fumba macho," alisema mbele ya wauguzi. Nikayumba kidogo. "Huyu hajanywa chai," akasema, nao wakacheka.

Kisha akanieleza. Mwili husimama kwa msaada wa macho, sikio la ndani, na habari zinazopanda kutoka miguuni kupitia uti wa mgongo. Habari za miguu zikikatika, mtu hujitegemeza kwa macho; akiyafumba, huanguka. Kipimo hicho tulikirithi kutoka kwa daktari mmoja wa mishipa ya fahamu, aliyeishi kabla ya mashine za kupiga picha za ndani ya mwili. Cha pili ni cha kidole gumba cha mguu: mgonjwa amefumba macho, unakisogeza, naye anasema kimekwenda juu au chini.

"Kishike pembeni," alisisitiza. "Ukikibana juu na chini, mkandamizo wa vidole vyako utamwambia jibu."

Nikapelekwa Taveta. Huko alikuja Wafula, mkata mkonge aliyetoka magharibi.

"Daktari, nikiosha uso naangukia karai. Wenzangu wanasema ni pombe, na mimi hata sinywi."

Foleni ilikuwa imefika nje. Sikumsimamisha afumbe macho. Nilikibana kidole chake juu na chini, kwa haraka, naye akajibu sawa kila mara. Nikaandika kwamba ni uchovu, nikampa dawa ya maumivu.

Baada ya miezi kadhaa aliletwa kwa mkokoteni. Daktari Mkuu alikuwa amekuja kutukagua.

"Ulimpima vipi? Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akavitazama vidole vyangu, kimoja juu na kimoja chini.

"Alikujibu kwa ngozi, bwana."

Wafula alikuwa amepungukiwa na vitamini inayolinda uti wa mgongo. Sindano zilizuia ugonjwa usiendelee, lakini kilichoharibika hakikurudi. Wafula hakukata mkonge tena. Kila alipokuja kliniki na magongo yake alinisalimia vizuri, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Nilihamishiwa Kasigau, kisha nikarudi Voi, na kila niliyemfundisha nilimsimulia habari zake.

Nyinyi mnaoanza sasa, msiogope kukosea. Ogopeni haraka.

Nimestaafu, na nina ugonjwa wa sukari. Juzi nilikwenda kliniki, nikapimwa na afisa mmoja kijana, binti mpole. Nilifumba macho, akakibana kidole changu juu na chini.

"Juu," nikasema. "Chini. Juu."

"Uko sawa kabisa, mzee."

"Shika pembeni, mwanangu. Tuanze upya."

"Haya, mwalimu," akacheka.

Nikangoja. Nje, mtu alikuwa akiita namba ya foleni.

"Anza basi," nikamwambia.

"Mzee, nimeshasogeza mara tatu."

"Vizuri," nikasema, macho yangu bado yamefumbwa. "Sasa umenipima. Andika hivyo hivyo."