Fundi wa Shangazi Zuwena

Sisi Waswahili tuliokulia mtaa wa Wadi Kabir, huko Uarabuni, kabla ya simu kuingia mifukoni, alasiri zetu zilikuwa na utaratibu wake. Ukitoka chuoni kusoma Kurani unacheza nage, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwenye changarawe mpaka magoti yachubuke, kisha unaitwa ndani, unanawa miguu, unakaa mkekani kwa Bibi. Kahawa ya iliki ipo, bajia za moto zipo, na kiyoyozi kinanguruma hata inabidi mtu apaze sauti. Hapo Shangazi Zuwena, binti mdogo wa Bibi, aliyesoma Ulaya akarudi na sanduku la riwaya, anafungua kitabu.

Vitabu vyake vyote alivijalidi kwa karatasi za khaki kama madaftari yetu ya skuli. Tulidhani ni unadhifu. Alisoma Kiingereza kimoyomoyo, akatusimulia kwa Kiswahili mapenzi ya watu wa kale, magari ya farasi na barua za siri. Nilipokuwa msichana wa miaka kumi na minne ikaja hadithi ya binti wa jumba kubwa na fundi wa nguo. Fundi alimpima mkono akasahau vipimo. Binti akachana gauni lake makusudi ili fundi aitwe tena. Bibi alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani.

Mimi hadithi ile ilinikaa moyoni kwa namna nyingine. Nilikuwa nimeshajua kwamba harusi ninazoziota hazina bwana harusi, na sikuwa nimemwambia mtu. Siku moja nikakipekua kitabu kwa Kiingereza changu cha skuli, nikakuta fundi yule ni mwanamke! Shangazi hakuwa amesema uongo hata mara moja. Kwa Kiswahili yeye ni yeye tu, na mafundi wote wa madukani Ruwi tuliowajua walikuwa wanaume wenye masharubu, basi kila mtu alijichorea masharubu yake. Nikaingiwa na hofu. Bibi akijua, hadithi itakatwa, nami sitajua kamwe kama watu wale waliruhusiwa kuwa na furaha.

Basi alasiri moja, hadithi ikiwa katikati, jirani yetu Umm Khalfan, asiyejua Kiswahili, akaja na sahani ya halua.

"Zuwena, mhadithie na jirani," Bibi akasema. "Kwa Kiarabu."

Shangazi alikifunga kitabu, akakifungua tena. Kiarabu hakikubali mambo yale. Kila kitenzi kinataka kujua kwanza mtendaji ni mwanamume au mwanamke. Bibi alimtazama kidogo, kisha akaichukua hadithi mwenyewe kwa Kiarabu chake chenye lafudhi ya Unguja. Fundi akawa mwanamume, tena wa masharubu. Umm Khalfan alifurahi sana, akaaga.

Mlango ulipofungwa, Bibi alijimiminia kahawa.

"Haya, mwanangu, endelea. Huyo fundi wa kike anampata mwenziwe, au wanamnyima?"

Shangazi alikuwa analia. "Anampata, mama."

"Wanazeeka pamoja?"

"Wanazeeka pamoja."

"Alhamdulillahi. Mie nshachoka na hadithi za kufa kufa."

Siku hizi wapwa zangu wana riwaya za namna ile tele kwenye simu. Wanasoma maoni ya watu kwanza, wanajua mwisho kabla ya mwanzo, na ukiwaambia wasubiri mpaka kesho alasiri wanaona umewaonea. Nawacheka, lakini nami nazisoma, umri huu. Napenda kuwakuta watu kama mimi katika mavazi ya zamani, wakigombana juu ya barua, wakipatana, wakiota mvi. Ninachowasikitikia vijana ni kwamba wanasoma kila mtu peke yake, vidude masikioni, na hakuna bibi pembeni anayewaombea dua wapenzi wa kitabuni.

Bibi ametutoka. Mwaka jana nilijikaza nikamweleza Shangazi habari za mwenzangu, tena kwa Kiswahili, na safari hii nikasema wazi kuwa ni mwanamke. Alivua miwani, akaifuta.

"Unamleta lini?" akauliza.