Nchi ya Lusanza na Alama Yangu Moja

Siku yangu ya kwanza kwenye kiwanda cha uchapaji, Shefu wa atelie, yaani msimamizi wa karakana, alinisimamisha mbele ya kasha la mbao lenye vyumba vidogo vidogo, kila chumba na herufi yake ya madini ya risasi.

"Hapa tunasoma kinyume, binti," aliniambia. "Soma pole pole. Na unachosoma, kiache hapa hapa."

Nilikuwa binti wa mtaa wa Buyenzi, nimetoka shuleni, na uhuru ulikuwa bado mpya. Tulizipanga herufi moja moja kwenye fimbo ya chuma, mstari kwa mstari, kisha tukaufunga ukurasa kwa uzi, tukaupaka wino na kuchapa karatasi ya majaribio, tuliyoiita epreve. Msahihishaji aliisoma na kuonyesha makosa pembeni kwa wino mwekundu. Baada ya miaka michache Shefu alinipandisha kuwa msahihishaji, kwa sababu sikuwa na maneno mengi. Siku hizo hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Direkta wa Kizungu, mkuu wa kiwanda, alikuwa ameshaondoka. Aliyeshika nafasi yake alikuwa mwananchi mwenzetu, mpole, lakini kila simu ilipolia alifunga mlango. Wageni walikuja bila kusema wametoka ofisi gani. Nasi tulianza kuangaliana: nani kachelewa kutoka, nani kaitwa ndani.

Ndipo akaja Mwalimu mmoja wa mtaa wa Mutanga Sud, mtu wa asili ya Kongo, na daftari tatu. Alikuwa ameandika historia ya nchi inayoitwa Lusanza. Ilikuwa na wafalme wake, vita vyake, hata ramani. Mizigo ilibebwa na majitu, mvua iliitwa na wanawake wa mlimani. Kisha mhunzi mmoja akagundua nguvu ya mvuke, na ndani ya miaka thelathini viwanda vikajaa bondeni, na majitu yakajenga reli ya treni. Niliipenda mno. Nilisahihisha huku nikitaka kujua yatakayofuata.

Tulipofika nusu ya kitabu, mmoja wa wageni wale aliketi ofisini kwa Direkta, epreve mapajani. Mwalimu alisimama kama mwanafunzi. Mimi niliitwa nilete kurasa zilizobaki.

"Hii Lusanza iko wapi?" mgeni aliuliza.

"Haiko, Bwana. Nimeibuni."

"Inchi yenye haiko, inakuwa aje na treni?"

Mwalimu alitabasamu kidogo. Mgeni hakutabasamu.

Walipoondoka, Direkta alifunga mlango. "We ndiye unasoma kila neno," alisema. "Kila mahali panafanana na kwetu, weka alama. Kesho asubuhi nataka kuziona."

Niliisoma upya, sasa kwa jicho jingine, na kila mstari ukaanza kuninong'oneza. Nilifika kwenye sura ya majitu. Reli ilipokwisha kujengwa, majitu hayakuwa na kazi tena. Yaliambiwa yapande behewa la mwisho, yakapelekwa, na hakuna aliyeuliza wapi. Mtaani kwetu kulikuwa na nyumba ambazo wanaume wake walichukuliwa kwa gari, na hakuna aliyeuliza wapi.

Nikawaza: nikirudisha kurasa safi, watasema nimekula njama naye. Labda Mwalimu mwenyewe ametumwa kutupima. Niliweka alama moja, pembeni mwa sura ile. Moja tu, nikijiambia ni ndogo.

Direkta aliitazama, akaichukua epreve na kufunga mlango. Siku ya pili Shefu alituamuru tubomoe kurasa zote, yaani kila herufi irudishwe chumbani mwake. Tulifanya hivyo siku nzima. Wiki ile Mwalimu alifukuzwa shuleni, akavuka mpaka kwenda Uvira, upande wa Kongo. Kazini hatukumtaja. Kila mmoja alimshuku mwenziwe kuwa ndiye aliyemchongea, na mimi niliwaacha washukiane.

Niliendelea kusahihisha vitabu vya shule na fomu za serikali chini ya madirekta wengine watatu, mpaka macho yakachoka nikastaafu. Mwaka huo huo nilikuwa nanunua maharage sokoni Jabe, nikasikia mtu ananisalimu. Mvi zilikuwa zimemjaa, lakini nilimtambua.

"Mwalimu," nilisema, "kuna kitu nataka kukuambia. Niliweka alama."

"Najua. Kwenye ukurasa gani?"

"Pale majitu yanapopandishwa behewa. Nilidhani unasema habari zetu."

Aliyatazama maharage.

"Apana, mama," alisema. "Ile ilikuwa ya baba yangu. Alijenga reli kule Kongo. Ilipoisha, wakawapakia yeye na wenzake ndani ya behewa. Nilikuwa mutoto, nilibaki nasimama pale gare, kwenye stesheni."

Nawasimulia haya ninyi mnaochapa leo kwa mashine zisizochafua mikono, kwa sababu mnaniuliza kazi yetu ilitufundisha nini. Ilitufundisha kushuku, na tulijifunza vizuri. Mtu alikuwa amenieleza habari ya baba yake katikati ya soko. Ningeweza kumuuliza jina la mzee huyo, au kama aliwahi kurudi. Lakini swali lililonitoka lilikuwa hili:

"Nani alikuambia ni mimi?"

Aliniaga kwa adabu, akaenda zake.